Wifi anataka kung'oa bustani yangu juu niko na mpox

BARUA

Yaya, salama? Mi ni mama ya batoto bane, tunaishi Bagira, hapa Bukavu. Nasomaka majibu yako kila juma, sikuwazaka siku moja nitakuandikia mi mwenyewe. Utanisamehe kama inakuwa murefu, niko ndani ya chumba peke yangu na simu njo jirani yangu ya karibu.

Nilianza na homa, kichwa, matezi ya shingo ikavimba, nikasema ni malaria, nikakunywa dawa ya malaria kama batu bote. Kisha bipele bikatoka ku uso, ku mikono, mpaka ndani ya kiganja. Ku santre bakanipima bakasema ni mpox. Juu haikukuwa na nguvu sana, na juu tuko na kachumba ka pembeni kenye mulango yake ya inje, munganga akakubali nijitenge ku nyumba. Akaniambia nisitoke, nisilale na mutu, nisikule mu sahani moja na batoto, mpaka bigaga byote bianguke na ngozi mupya itoke chini, inaweza kuwa juma mbili, inaweza kufika ine. Namushukuru, alinifasiria muzuri. Homa ilishakwisha, sasa niko nangoja bigaga tu.

Shida yangu si ugonjwa, Yaya. Shida ni bustani na wifi.

Parsele yetu iko ku mutelemuko, nyuma ya nyumba nilikataka matuta kidogo kidogo, leo niko na lengalenga, tomati, bitunguru bya majani, pilipili, na shu mu masaki kando ya ukuta. Si bustani ya kuchezea. Lengalenga nauzishia bamama ya kartiye asubui mbele ya mulango, tomati napeleka ku soko, na minervali ya Asifiwe, mutoto wangu wa kwanza, inatokaka mule mule. Sasa vile nimefungwa, tomati imeamua kuiva yote wakati moja, na mvua nayo haiachi. Naziangaliaka ku dirisha, zingine zinapasuka, zingine majani yake inapata madoa ya rangi ya kahawa, na hakuna kitu naweza fanya. Bale bananunuaka kwangu hata mbele ya mulango hawapite tena, kuko mama moja alivuta mutoto yake ku mukono akavuka ngambo ya njia.

Wifi yangu, dada mukubwa ya bwana yangu, alitoka Walungu kuja kutusaidia. Sitaki kumusema mubaya, anapika, anafula nguo za batoto, anabeba maji. Lakini tangu siku ya kwanza anasema bustani yote imeshika ugonjwa juu njo mimi nilikuwa nashika kila jani na mikono hii. Anataka kung'oa yote achome, kisha auwe na kobayi zetu. Nikafikiri ni maneno tu. Juzi asubui nikasikia jembe, nikafungua dirisha, nikamukuta alishang'oa musitari muzima wa bitunguru, amejifunga kitambaa ku pua, bitunguru bimelala na mizizi juu. Nikapiga kelele mpaka bajirani bakatoka. Bwana yangu nikamuambia, anajibu paka "muelewane". Tutaelewana namna gani, yeye iko na jembe, mi niko na dirisha?

Jambo lingine. Niliona video moja ku simu, mwanamuke anakata tomati anatia mu chupa ya mayonezi, anamwanga mawese juu mpaka inafunika, anafunga, anasema inakaa mwaka muzima bila frigo. Niko na machupa mingi ya mayonezi. Nilikuwa nawaza Asifiwe anipitishie tomati ku dirisha nikate mi mwenyewe, wakati niko nayo mingi, mikono inakosa kazi, kisha tunaweka mu machupa na minervali haipotee yote.

Ya mwisho naona haya kuisema. Siku inanishinda. Nalala muchana, usiku macho kavu, ngozi inaniwasha, natazama statusi za batu mpaka jogoo inalia. Magaribi nasikia bale bote banakula ngambo ya ukuta banacheka, na mi nabaki na sahani yangu. Nifanye nini na hizi siku? Naweza hata kutoka saa kumi na moja ya asubui, mbele batu hawajaamuka, nimwangie mboga zangu maji nirudi?

Mama wa Bagira

JIBU

Mama wa Bagira, pole sana. Naanza na bitunguru juu bitunguru havingoji. Kama mizizi haijakauka kabisa, Asifiwe avirudishe mu udongo leo magaribi jua likishashuka, akate nusu ya majani ya juu, amwange maji ku shina. Kitunguru cha majani ni kigumu, hata kikilala siku mbili inje kinashika tena. Vyenye vimenyauka kabisa muvipike tu, mulishavilima.

Sasa hiyo habari ya bustani kushika ugonjwa. Hapana. Mpox ni ugonjwa wa watu na wa wanyama, tomati haiugue mpox, lengalenga haiugue mpox. Inapita ngozi ikigusana na ngozi, inapita ku maji ya vipele na ku vigaga, ku mate mukiongea uso kwa uso karibu karibu, na ku vitu vyenye vimelala na mugonjwa, yani blanketi, mashuka, taulo, nguo. Kirusi yake sabuni inaiua, moto wa kupika unaiua, jua nalo linaichosha. Fasi yenye inakaa muda murefu ni mule mu giza, pakavu, pa baridi, ndani ya mukunjo wa blanketi kwa mufano. Kama wifi iko na nguvu za kumaliza, azipeleke ku blanketi yako, aache matuta.

Lakini nisikudanganye, iko na kitu kidogo cha haki. Mikono yako iko na vidonda, unasema mpaka ndani ya kiganja. Kwa hiyo kuanzia leo chakula chenye watu wengine watakula usikiguse, hata kukata, hata kuchambua, hata kupanga mu sahani. Ile mupango ya Asifiwe kukupitishia tomati ku dirisha, tuiache. Maji ya kidonda inadondoka mu tomati, wifi anaichukua na mikono yake kabla haijaingia mu moto, na hapo yeye njo anapata, si kwa kula, kwa kushika. Tomati ulizoshika zamani, mbele ya kuugua, muzioshe na maji safi mupike, hakuna neno.

Na kutoka saa kumi na moja kumwangia mboga maji? Hapa watu watashangaa jibu langu. Siogope mboga zako, naogopa mikono yako. Udongo wenye umetiwa mboleo ya kobayi na maganda ya birayi uko na mikrobi ya kila aina, na ya tetanosi iko ndani, na wewe uko na milango wazi ku ngozi. Kuko watu wenye mpox wanaishia kuteswa na usaha juu kidonda kiliingiliwa na uchafu. Basi usiweke mukono mu udongo mpaka vidonda vya mikono na vya miguu vifunge kabisa. Vikisha funga na vimebaki vichache ku mugongo ao ku tumbo, hapo uulize munganga, na akikubali, toka na nguo ya mikono mirefu, buti, maske, jembe lako peke yako, na usisimame ku kizuizi kuongea na jirani hata kama yeye njo anakuita. Zaidi ya hapo mvua inanyesha kila siku, unamwanga maji ya nini?

Kazi yako kwa sasa ni ya mudomo. Uko na dirisha lenye linaangalia matuta, uko na binti mukubwa, uko na sauti (jirani wanaijua sasa). Asifiwe awe mikono, wewe uwe macho.

Ile madoa ya rangi ya kahawa ndiyo yenye inanitia wasiwasi kuliko yote. Muambie ageuze jani asubui mapema. Kama chini yake kuko ka unga keupe kandokando ya doa, ni mildiu, ile ile inaangusha birayi huku kwetu kila mvua ikizidi, na ikikuta baridi na maji inaweza kumaliza tomati yote mu siku chache. Atoe majani yote yenye kugusa udongo na yenye madoa, asiyatupe ku mboleo, ayazike mbali ao ayachome, kisha anawe mikono mbele ya kushika mumea muzima. Hapo wifi akitaka kuchoma kitu, achome hayo, atafurahi. Chini ya mashina atandike majani makavu ya ndizi, juu mvua ikipiga udongo inarusha matope ku majani na ugonjwa unapanda nayo. Na muangalie mufereji. Bagira ni mulima, udongo mwekundu wa kushika maji, ukikata mufereji wa kushuka moja kwa moja mvua inakubebea tuta lote mpaka kwa jirani wa chini na hapo munaanza palabre nyingine. Ukatwe wa kukingama, maji ipite pole. Na mwaka kesho usipande tomati kando ya birayi.

Tomati zenyewe musingoje ziive ku muti. Kila moja yenye imeanza kugeuka rangi, hata kama ni kidogo tu ku kitako, ichumwe leo. Itaivia ndani bila kupoteza kitu, na haitapasuka na mvua. Muzipange mu kartoni mustari moja, zisilaliane, kama munataka zingine ziive mbio mutie ndizi moja ya kuiva katikati, mufunike, muweke pakavu ndani ya nyumba kubwa, si mu chumba chako. Kila asubui mutu aangalie atoe yenye imeanza kuoza. Hiyo peke yake inakupa juma moja ya kupumua.

Lengalenga usiache itoe maua. Akate juu ya udongo kadiri ya upana wa mukono, aache vifundo viwili vitatu, itachipuka tena. Miti michache iliyo mizuri muiache izae mbegu.

Sasa chupa za mayonezi. Mama, tafazali, hapana. Hiyo video naijua aina yake, ziko nyingi, na zinapendeza juu chupa nyekundu zimepangwa muzuri. Mu udongo kuko mikrobi moja yenye inaleta ugonjwa wa botulismu, mbegu zake zinaweza kuwa ku mboga yoyote, na kwa kawaida hazifanye kitu juu hewa inazizuia. Ukifunga mu chupa na ukamwanga mawese juu, umeondoa hewa, umeitandikia kitanda. Inatoa sumu yenye mara nyingi haina harufu, chupa haionyeshe kitu, na mutu akikula anaanza kuona viwili viwili, ulimi unakuwa muzito, kumeza kunashinda, kisha pumuzi. Kinachoizuia ni uchachu, na tomati iko pale pale ku mupaka, zingine zinachacha kiasi, zingine hapana, mutu hajui kwa kuonja.

Njia ya salama iko, lakini ona bei yake. Inatakiwa maji ya ndimu ya chupa ya duka, yenye uchachu wake umepimwa, kijiko kikubwa kimoja ku kila chupa ya nusu lita, kifuniko kipya chenye kufunga kabisa, kisha kuzamisha chupa zote mu maji yenye kuchemka. Na sisi tuko juu, ziwa Kivu lenyewe liko ku metre 1.460 kutoka usawa wa bahari na Bagira iko juu ya ziwa, huku maji inachemka ku digri 95 hivi, haifikake 100. Wale wanatoa resepi kutoka fasi za chini, kando ya bahari, wakisema dakika 35 kwa tomati ya kuponda, kwetu ni 45, na maji yasiache kuchemka hata mara moja. Hesabu makala. Na kifuniko cha mayonezi kilichotumika hakifunge tena vile inatakiwa. Kwa kapu moja la tomati sioni faida. Na lengalenga, sombe ao maharagi ya kuchemsha mu chupa, hiyo hata na ndimu hapana, siku zote hapana.

Kausheni. Najua utasema jua liko wapi. Huku kwetu jua la kweli ni mwezi wa sita mpaka wa nane, sasa hivi tunapewa masaa machache kati ya mvua mbili, kwa hiyo mutumie vyote viwili, jua la saa ine mpaka saa nane likiwako, na magaribi lungo likae juu ya mbabula yenye imebaki makaa tu bila moshi, mbali kidogo, kupata joto bila kuiva. Tomati inakatwa mara mbili, mbegu na maji yake vinatolewa na kijiko (hayo maji mupikie mboga), chumvi kidogo juu, zinalazwa tumbo likiangalia juu, zikishashika ngozi zinageuzwa. Hiyo kazi ya kutoa mbegu watu wanaikwepaka, na ndiyo inafanya tofauti, tomati karibu yote ni maji, ukiacha mbegu ndani utakausha siku tatu na katikati bado inalia, siku ya ine inatoa ukungu. Imekuwa tayari ukiikunja inakunjika kama ngozi ya kiatu na haiachi unyevu ku kidole. Usishangae ndoo nzima ikibaki bakuli moja.

Zilazwe ku lungo juu ya kitenge kizee, safi, kilichofuliwa na kuchemshwa, na kingine chepesi juu kwa ajili ya nzi. Si ku bati lenye kutu. Na si ku musikitere, nasema hii juu nimeiona ku parsele nyingi, watu wanaanikia sambaza na mboga ku zile moskitere za kugawiwa bure, na zile zimetiwa dawa ya kuua mbu, dawa inashuka mu chakula.

Hapo sasa machupa yako ya mayonezi yanapata kazi. Tomati kavu, ikishapoa, itiwe mu chupa kavu kabisa, ifungwe, kesho yake muangalie kioo kwa ndani. Mukiona umande, haijakauka, irudi ku lungo. Kama kioo ni kavu, weka mu kabati ya giza. Mukitaka kupika munailoweka mu maji ya moto kidogo, inarudi, na utamu wake umeongezeka, mimi kwa maharagi siipimi na kitu kingine.

Zile zilizopasuka hazifae kukausha. Wifi atoe fasi mbovu, apike zilizobaki na chumvi bila maji mpaka mwiko ukipita chini ya sufuria unaacha njia, hiyo ni ya kula mu juma hii, ichemshwe tena kila siku kama hamuna frigo, isilale tu ku meza. Lengalenga yenye inazidi, muzamishe mu maji ya kuchemka yenye chumvi dakika mbili tatu, chuja, anika ndani ya kivuli penye upepo. Kivuli, si jua, juu jua linakula vitamini A ya majani, na hiyo ndiyo faida kubwa ya lengalenga. Pilipili, vinegre na chumvi, mutu wa Bukavu hafundishwe.

Kuuza. Hii utanichukia. Usimutume mutu apeleke tomati ku soko ya Kadutu kule hawakujue, kimya kimya. Tomati haina neno, lakini siku moja mutu wa Bagira atapita pale aone Asifiwe, na hiyo story itazunguka kuliko mpox, utapoteza wateja wa miaka. Wale wa nyumba yako nao wako mu siku 21 za kuangaliwa kama hawatoi homa ao vipele, na siku hizo zinahesabiwa tangu mara ya mwisho walikushika ao kushika blanketi yako. Kausha, kula, mupe jirani mwenye anajua na anakubali. Minervali, bwana yako aende leo kwa prefe aombe muda, na karatasi ya santre mukononi, mbele mutoto hajafukuzwa.

Maana bwana yako, na yeye, hawezi kukaa tu na "muelewane". Ule ni dada yake mukubwa. Wewe ni muke, uko mugonjwa, uko nyuma ya dirisha, kila neno lako kwake ni kelele ya mulamu mwenye hasira. Akiongea ndugu yake ni jambo lingine. Na asiende na mikono mitupu: apite ku santre ao kwa reko wa kartiye (yule mutu wa kujitolea wa afya), amulete pale nyumbani, aeleze mbele ya dada namna ugonjwa unapita na namna haupite. Mufikirie kidogo huyo mama. Aliacha nyumba yake Walungu, akaja mu nyumba yenye ugonjwa wenye watu wote wanakimbia, na naona ulipewa maelezo wewe, yeye hakupewa. Ameogopa, akashika jembe. Kisha wewe na bwana yako mumukabizi tomati zote, umuombe na heshima, "Dada, mimi siwezi kushika, hizi ni zako, ninajua kwenu munajua kukausha." Kwao wanakausha mihogo na maharagi tangu hatujazaliwa, pengine atakuonyesha kitu mimi sijaandika hapa. Mutu mwenye alikausha kapu nzima na mikono yake hatang'oa muti wenye inatoka.

Nakuja ku siku zako. Usiku wako umeharibika juu muchana umelala, hakuna dawa nyingine. Asubui hata kama umechoka fungua dirisha, kaa penye mwanga, oga na sabuni polepole, jikaushe kwa kugusa bila kusugua, vaa nguo safi. Nguo na shuka za jana usizikung'ute, zikunje ndani kwa ndani, zitie mu besani yako peke yako na maji ya moto na sabuni, uzifule wewe kama mikono inaweza, kama haiwezi mutu mwingine azifule, avae gan ku mikono. Usifagie kavu, vigaga vinaruka na vumbi, panguza na kitambaa chenye maji na sabuni. Makucha kata fupi sana, usiku ikikuwasha weka kitambaa cha maji ya baridi, usikune. Ukitoka choo, kama ni kimoja kwa wote, Asifiwe anakuachia maji ya sabuni ao ya javel, unamwanga fasi ulishika.

Muchana katikati, tafuta daftari. Uandike matuta yako yote, nini ulipanda lini, ulivuna lini, uliuza ngapi, nani iko na deni. Nina hakika hujawahi kuwa na wakati wa kuiandika, na utashangaa ile tuta inakula nguvu zako bila kukuletea kitu. Pigia wateja wako simu wewe mwenyewe, mbele hawajasikia kwa wengine, uwaambie unajitenga na utarudi. Redio ifunguliwe, Radio Okapi iko na habari za Kiswahili, sauti ya mutu mu chumba inasaidia. Simu ya statusi, ukishakula magaribi, mupe Asifiwe aipeleke kuchaji ngambo, aipanguze kwanza na sabuni kidogo ku kitambaa, airudishe asubui.

Na kula. Kwa nini unakula peke yako? Munganga alisema sahani moja hapana, hakusema wakati moja hapana. Uko na mulango wa inje. Mvua ikiacha, wao waweke meza ku baraza, wewe ukae ku mulango wako na maske mpaka unaanza kula, metre mbili katikati, sahani yako na kikombe chako unaviosha wewe. Mutacheka pamoja.

Urudi santre bila kungoja kama homa imerudi, kama jicho linauma ao linakuwa jekundu, kama kidonda kinavimba na usaha unaongezeka, kama kumeza ao kupumua kunakuwa vigumu. Kama uko na mimba, ao unafikiri unaweza kuwa nayo, waambie leo leo, mpox ni mbaya kwa mimba. Na mutoto yeyote akitoa kipele, aende siku ile ile, wadogo inawapata na nguvu kuliko sisi. Muulize na juu ya chanjo kwa watu wa nyumba, hapa Kongo ilianzishwa Goma tarehe 5 Oktoba 2024, wao njo watakuambia kama iko Bagira sasa. Mutu asikudanganye kwamba mambo iliisha juu OMS, shirika la afya la dunia, iliondoa alama ya hatari ya dunia mwezi wa tisa 2025, waliondoa alama, ugonjwa bado uko.

Hukuuliza juu ya kulala na bwana, lakini naijibu juu wote wanaulizaka kwa siri. Mpaka ngozi mupya, hapana. Kisha OMS inashauri kondomu kwa juma 12 tangu kupona. Mwambie ni mimi nimesema.

Kobayi zisiuawe. Asifiwe azipe majani, wewe usizishike wala usizipitie karibu, na mabaki ya sahani yako yasiende kwao, juu hii kirusi inashika na wanyama wa jamaa ya panya, na ya sungura pia. Moja ikifa bila kujulikana sababu, muizike, musiikule, na mumuambie reko.